Somen za Ibonoito, utepe mwekundu: tambi nzuri zinazoharibikia kwenye kuoshwa

Somen ni tambi nyembamba za ngano za Kijapani, na hizi za chapa ya Ibonoito hutoka eneo la Harima, mkoa wa Hyogo. Ndani ya pakiti kuna mafungu ya gramu 50, kila moja limefungwa utepe wa karatasi unaoonyesha daraja. Utepe mwekundu ndio daraja la kawaida, nyuzi za milimita 0.70 hadi 0.90. Za utepe mweusi ni nyembamba zaidi, 0.65 hadi 0.70, na hutengenezwa miezi ya baridi, Desemba hadi Februari. Mdomoni nyeusi ni laini zaidi, lakini ukizizidishia nusu dakika motoni zinalegea. Kwa mlo wa kila siku chukua nyekundu.

Viungo ni vitatu: unga wa ngano, chumvi na mafuta ya mimea. Hayo mafuta yana kazi. Donge la unga huvutwa na kupumzishwa mara nyingi mpaka liwe uzi, na mafuta huzuia uzi usikauke wala kugandana na mwenzake. Kuvutwa huko huilaza gluteni (protini ya ngano inayonyumbuka) kwa urefu wa uzi, ndiyo maana tambi nyembamba namna hii bado inakaza kidogo chini ya jino. Somen za kukatwa kwa mashine, ambazo kwa kawaida hazitiwi mafuta, hulainika upesi na kupoteza ukakamavu huo.

Chumvi ndiyo inayowashtua wanaosoma lebo. Gramu 100 za somen kavu za kuvutwa zina takriban miligramu 2,300 za sodiamu. Usizitupe kwa sababu hiyo. Zikichemshwa na kuoshwa vizuri, gramu hizo 100 huwa kama 290, na sodiamu inayobaki ni karibu miligramu 380 tu. Nyingine yote imekwenda na maji. Basi maji ya kuchemshia usiyafanye supu, na usiyatie chumvi. Kwa lishe, gramu 100 kavu hutoa kama kilokalori 330, protini gramu 9 na nusu, mafuta gramu 1 hivi. Ni wanga hasa, kwa hiyo sahani inahitaji yai, tofu au kuku pembeni. Asiyeweza gluteni azikwepe, na akumbuke kwamba hata mchuzi wa soya wa kawaida una ngano.

Mafungu mawili yanamtosha mtu mmoja. Chemsha angalau lita 1 ya maji; kwa mafungu manne, lita 2. Fungua tepe zote kabla, kwa sababu tambi lazima ziingie kwa mara moja: za kwanza zikitangulia kwa sekunde thelathini, zitaiva kupita kiasi. Zitawanye, koroga polepole, hesabu dakika moja na nusu hadi mbili. Povu likipanda punguza moto. Kumwagia maji baridi kunashusha joto na tambi zinaanza kunata.

Sasa kuosha, ambako wengi hukosea. Mimina kwenye chujio, zipoze kwanza chini ya bomba ili usiungue, kisha zisugue kwa viganja kama unavyofua kitambaa chepesi. Maji yatatoka meupe kama maziwa. Badilisha, sugua tena, mpaka yawe angavu na utelezi uishe vidoleni. Ukizisuuza kijuujuu, wanga unaobaki utazigandisha kuwa donge, na harufu ya mafuta itakaa. Barafu ni ya kuzipoza tu: zikielea humo muda mrefu zinanyonya maji. Chuja kwa kukaza, maana maji yanayobaki ndiyo yanayouzimua mchuzi.

Mchuzi wa kuchovya: vipimo 4 vya dashi (supu nyepesi ya Kijapani ya mwani na samaki mkavu), 1 cha mchuzi wa soya, 1 cha mirin (kileo kitamu cha mchele cha kupikia). Chemsha mirin peke yake kwanza ili kilevi kitoke, ongeza vingine, poza kwenye friji. Tangawizi ya kukwaruza na majani ya kitunguu vinatosha. Chumvi ya mlo huu inatoka hapa, basi chovya ncha, na usinywe mchuzi uliobaki.

Za moto, nyumen, huchemshwa dakika moja tu, zinaoshwa vilevile, ndipo zinaingia kwenye supu. Kule Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, hukaangwa na kuitwa somen chanpuru: zitoe mapema kidogo, zikaushe barabara, zichanganye na kijiko cha mafuta kabla ya kugusa kikaango. Zikiingia na maji zinang'ang'ania chuma na kukatikakatika.

Kasoro moja ya bidhaa yenyewe: tambi kavu hunyonya harufu. Pakiti ikishafunguliwa, zihamishie kwenye chombo cha kufunga kabisa, mbali na viungo na sabuni.