RedLine ya Denver: Studio ya Bure na Deni Lake

RedLine ni kituo cha sanaa ya kisasa kilichopo Arapahoe Street, katika mtaa wa Five Points jijini Denver, jimbo la Colorado, Marekani. Kilianzishwa mwaka 2008 na msanii Laura Merage. Kina ukumbi wa maonyesho usiotoza kiingilio na warsha za watu wa rika mbalimbali, lakini huduma iliyokipatia jina, na ndiyo ninayoipima hapa, ni programu yake ya wasanii wakazi: msanii wa eneo la Denver akichaguliwa hupewa studio kwa miaka miwili bila kulipa pango, naye kwa upande wake hutoa sehemu ya muda wake kuihudumia jamii kwa kufundisha, kuongoza warsha, kushirikiana na shule na kuzungumza na wageni wanaokuja kutazama kazi. Pango halidaiwi; kinachodaiwa ni muda. Jinsi muda huo unavyopimwa na unavyotumika ndiyo inayoamua kama mapatano ya aina hii yanamjenga msanii au yanamnyonya, na kwa maoni yangu RedLine imelifikiria jambo hilo vizuri kuliko vituo vingi, ingawa kuna kundi la wasanii ambalo bado limeachwa mlangoni.

Niseme mapema nimesimama wapi. Mimi ni mtu wa batiki, niliyejifunzia kazi Dar es Salaam na sasa naishi Aurora, mji unaopakana na Denver upande wa mashariki, ambako Kiswahili husikika madukani na makanisani kwa sababu ya familia nyingi zilizotoka Kongo. Sijawahi kuwa msanii mkazi wa RedLine. Huingia pale kama mtazamaji na kama jirani, na mapatano yake nayatazama kwa jicho la mtu aliyewahi kufanya kazi chini ya mapatano kama hayo mahali pengine.

Thamani ya studio ya bure haieleweki bila kujua yaliyowapata wasanii wa Denver. Kwa muda mrefu walitegemea maghala ya zamani ya viwanda na reli kaskazini mwa katikati ya jiji, hasa kandokando ya Brighton Boulevard, ambako nafasi ilikuwa kubwa na pango dogo. Tarehe 1 Januari 2014 maduka ya Colorado yakaanza kuuza bangi kihalali kwa matumizi ya starehe, na kwa kuwa bangi ya biashara hulimwa kwa wingi ndani ya majengo, chini ya taa, wakulima wa aina mpya wakaanza kuyagombania maghala yale yale. Wakati huohuo jiji lilikuwa likipokea watu wengi kutoka majimbo mengine, na wajenzi wakayageuza maeneo ya viwanda kuwa nyumba za ghorofa, mikahawa na baa. Kisha, Desemba 2016, ghala la wasanii lililojulikana kama Ghost Ship likaungua huko Oakland, California, na kuua watu 36. Siku chache baadaye mamlaka ya zimamoto ya Denver ikaifunga Rhinoceropolis, ghala lililokuwa makazi na ukumbi wa wasanii kwenye Brighton Boulevard, na waliokuwa wakiishi humo wakajikuta nje katikati ya majira ya baridi. Usalama haukuwa hoja ya kupuuzwa hata kidogo, lakini waliofungiwa hawakuwa na pa kwenda kwa bei waliyoimudu. Ndiyo maana chumba halali cha kufanyia kazi, kisicho na mwenye nyumba anayebisha hodi kila mwisho wa mwezi, si zawadi ndogo katika jiji hili.

Msomaji wa Dar es Salaam atakumbuka Nafasi Art Space ya Mikocheni, ambayo nayo ilianza mwaka 2008, na ambako makontena ya meli yamegeuzwa kuwa studio katika eneo la viwanda vidogo. Vituo hivi viwili vina undugu wa wazo: msanii afanye kazi mahali ambapo wenzake wapo na umma unaweza kuingia. Tofauti ni kwamba Nafasi imejengwa juu ya studio za gharama nafuu, ilhali RedLine imeondoa bei kabisa na kuweka huduma mahali pake. Kwa hali ya jengo silinganishi. Anayelijua joto la kontena saa saba mchana hahitaji kuelezwa.

Miaka miwili naiona kuwa kipimo kizuri. Programu nyingi za wasanii wakazi ni za wiki chache au miezi michache, nazo humfaa mtu anayekuja na wazo lililoiva ili alimalizie tu. Msanii wa mahali palepale, mwenye kazi nyingine ya kumlisha na watoto wa kuwapeleka shule, anahitaji muda wa kukosea, kufuta na kuanza upya. Mwaka wa kwanza huishia katika kujaribu, na matunda huonekana mwaka wa pili. Isitoshe, studio za RedLine ziko chini ya paa moja na ukumbi wa maonyesho, kwa hiyo anayekuja kutazama maonyesho huweza kuwakuta pia waliomo kazini, na msanii asiye na wakala wala jina hupata macho ambayo vinginevyo angeyatafuta kwa miaka.

Sasa upande wa deni. Five Points ulikuwa moyo wa jamii ya Wamarekani weusi wa Denver, mtaa wa kumbi za jazi ambazo sifa zake zilifika mbali, na leo ni mtaa ambao nyumba zake zimepanda bei mno. Nyuma tu ya Arapahoe Street ipo Lawrence Street, yenye Samaritan House, makazi ya watu wasio na nyumba. Kituo cha sanaa kinachofungua milango mahali kama hapa kina njia mbili: kuweka mlinzi, au kuwakaribisha majirani. RedLine ilichagua ya pili na kuipa muundo, kwa programu inayoitwa Reach Studio, ambamo watu wanaopitia maisha ya kukosa makazi hupata vifaa, meza na wasanii wa kufanya nao kazi. Kuna pia EPIC Arts, inayowaunganisha wasanii na wanafunzi wa shule za umma; wanafunzi huchagua suala la kijamii linalowagusa, hulifanyia kazi, na kazi zao hutundikwa ukumbini.

Hapa ndipo ubora wa huduma hii unapoonekana, na sioni ukisemwa vya kutosha. Kazi ngumu katika kuihudumia jamii si kufundisha. Ngumu ni kumpata mwalimu mkuu kwa simu, kupanga saa ambayo haigongani na mitihani, kupata idhini za wazazi, kununua karatasi, kujua nani hawezi kukaa karibu na nani, na kufanya hayo yote tena wiki inayofuata bila kuchoka. Kituo kikimwachia msanii mzigo huo, kimempa chumba kwa mkono mmoja na kumnyang'anya muda wa kukitumia kwa mkono mwingine. RedLine ina programu zilizokwisha simama kabla msanii hajafika, na watu wa kituo ndio wanaoziendesha. Msanii huingia na ujuzi wake, akautoa, akarudi kwenye turubai yake. Tena watu wanaohudhuria huzoea mahali badala ya kumzoea msanii mmoja, kwa hiyo muda wake ukiisha uhusiano haufi.

Kwa mfano wa kazi niijuayo: warsha ya batiki kwa watoto huonekana jambo la saa mbili. Hewa ya Denver ni kavu kupita kiasi, na rangi ya maji baridi tunayotumia na watoto huhitaji kukaa mbichi kwenye kitambaa kwa saa kadhaa ili ishike. Ukiianika kama ulivyozoea pwani, hukauka kabla haijashika, na kitambaa kikifuliwa hutoka kimepauka. Kwa hiyo kila kipande hufungwa kwenye karatasi ya plastiki na kuachwa hadi kesho. Kostiki, ile soda kali inayounguza ngozi, tuliyozoea kuichanganya kwenye ndoo kule Dar huwezi kuisogeza karibu na watoto wa darasa la nne. Nta ipunguzwe moto, meza zitandikwe magazeti, sponji zikatwe maumbo mapema, na vitambaa vifuliwe siku moja kabla ili kuondoa wanga wa kiwandani. Saa mbili za warsha zimebeba nyuma yake siku nzima ya maandalizi na jioni ya kusugua sufuria. Mkataba unaohesabu zile saa mbili peke yake humkopa msanii bila kumwambia, na kwa hili sizungumzii RedLine pekee: ni kasoro ya mfumo mzima, kwa sababu wanaoandika mikataba aghalabu ni watu wa ofisini na si watu wa sufuria.

Kituo nilichowahi kukitumikia, katika mji mwingine ambao sitautaja, kilikuwa na kifungu kimoja tu: msanii atatoa huduma kwa jamii kadiri itakavyohitajika. Ikahitajika tupange viti. Ikahitajika tusimame karibu na meza ya vitafunio tukiwa tumevaa aproni zenye rangi, ili wafadhili waone wasanii halisi wakiwa hai, na mama mmoja mchongaji, aliyekuwa ametuzidi sote umri, akaombwa aoshe glasi. Jamii yenyewe, yaani watu wa vichochoro vya pale, sikuwaona ukumbini jioni ile wala jioni nyingine. Mkono mtupu haulambwi, na hakuna kati yetu aliyedhani chumba ni sadaka. Lakini kulipa kwa ufundi wako ni jambo moja, na kulipa kwa kuwa pambo la karamu ni jambo lingine. Tangu hapo, kila nisomapo tangazo la studio ya bure, natafuta kwanza kama huduma imetajwa kwa jina: shule ipi, kundi lipi, kazi ipi. RedLine hutaja.

Pia ni haki kueleza kwa nini taasisi za Denver zinashikilia sana suala la huduma. Tangu kura ya mwaka 1988, wakazi wa eneo la jiji na wilaya zinazolizunguka, saba kwa jumla, hulipa kodi ya mauzo ya senti 1 kwa kila dola 10 kwa ajili ya sayansi na utamaduni. Mtu anayenunua sabuni Aurora anachangia makumbusho, bustani ya wanyama, kumbi za muziki na vituo vya sanaa. Katika mazingira hayo umma una haki ya kuuliza unapata nini, na msanii anayefungua mlango wake kwa mwanafunzi ni jibu zuri kuliko ripoti yoyote.

Lawama yangu kubwa inahusu anayeweza kuipokea zawadi hii. Studio bila posho humfaa aliye tayari na kipato, au na mwenzi mwenye kipato. Studio Museum ya Harlem, New York, iliyofunguliwa mwaka 1968, huwapa wasanii wake wakazi studio pamoja na posho, nayo huchukua wachache tu kwa mwaka. RedLine inawafikia wengi zaidi kwa wakati mmoja, na huo ni uchaguzi unaoeleweka. Lakini fikiria mchoraji aliyetoka Bukavu, anayefanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Aurora, au mwenzake aliyeajiriwa katika kiwanda cha nyama cha Greeley. Muda ndio kitu pekee ambacho hana, na muda ndiyo sarafu inayokubaliwa hapa. Mtu huyohuyo angekuwa hazina katika kazi za jamii, kwa kuwa anazungumza Kiswahili, Kifaransa na lugha ya kwao na watoto ambao shule inahangaika kuwaelewa. Posho ndogo kwa kila warsha, ikilipwa kwa saa za maandalizi pia, ingembadilishia hesabu yote. Bila hiyo, neno "msanii wa hapa" litaendelea kuwahusu baadhi ya watu wa hapa.

Jambo dogo la pili ni kelele na macho. Studio iliyo karibu na ukumbi wa umma si ya kila mtu. Wapo wanaofanya kazi vizuri wakitazamwa, na wapo ambao swali la kwanza la mgeni huwakata mkono kwa siku nzima. Hao wa pili wasijidanganye kwamba watazoea.

Kwa mchoraji, mpiga picha, au msanii wa kolaji, yaani picha za vipande vilivyobandikwa, mwenye kazi ya mchana isiyombana, na ambaye kufundisha hakumchoshi, naipendekeza RedLine bila kusita. Aombe, na akikubaliwa aombe pia kuonyeshwa kwa maandishi jinsi saa zake zitakavyohesabiwa, maandalizi yakiwemo. Kwa watu wa batiki na wote wanaochemsha, kuyeyusha au kuchovya, ushauri ni wa fundi kwa fundi: kabla ya kuulizia ukubwa wa chumba, ulizia moshi wa nta utatoka nje kwa njia gani, kama jiko la umeme linaruhusiwa, sinki iko hatua ngapi kutoka mlangoni mwako, na maji ya rangi yatamwagwa wapi.