TV kutoka duka la Makoroboi, nimeridhika sana

Jamani nimechukua TV ya inchi 43 hapo Makoroboi, Mwanza, picha safi mno, fundi wao kaja mpaka Buswelu kaifunga ukutani akaiweka pimamaji kabisa isiende upande na hakudai hela ya juu. Huku tunajenga kila siku na kitu cha kwanza kuingia sebuleni ni TV, ndo ilivyokuwa Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kule Levittown, mji mpya wa nyumba nafuu karibu na New York, nyumba za 1950 zilikuja na TV imejengewa ukutani! Mwaka ule Marekani nzima nyumba kama 9 tu kwenye 100 ndo zilikuwa nayo, kufika 1960 karibu 90, matangazo yakawa yanawakuta nyumbani, friji na magari wananunua kwa mkopo. Hapo dukani Makoroboi bei yao haipungui ila waranti wanaandika kwenye risiti, nendeni.