Miezi 9 kwenye chuo cha urubani Arusha: mwalimu safi, ndege moja

Noah yangu ya kupiga ruti ya Usa River niliiuza nilipe ada, kwa hiyo nikikiponda chuo hiki nimekilipia.

Mwalimu nampa tano kwa tano. Siku ya kwanza pale Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, hakunigusisha hata usukani. Tuliizunguka ndege ndogo, Cessna 172, na kikombe cha plastiki, akakinga mafuta chini ya bawa, akayainua kwenye mwanga tuangalie kama yana maji. "Gari likizima unaegesha pembeni. Kule juu pembeni ni wapi, kaka?" Mchana mmoja, jua kali, akataka nione mwenyewe: uwanja uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, na joto linaifanya nyepesi zaidi. Ndege ikakimbia, ikakimbia, lami inaisha, ndipo ikanyanyuka. Jasho lilinitoka hadi kwenye viganja. Sasa naomba zamu ya asubuhi, kabla Mlima Meru haujajifunika mawingu.

Tatizo ndege ni moja. Ikienda matengenezo, wiki tatu ni nadharia na chai. Leseni ya rubani binafsi kwa kawaida inaanzia saa 40 za kuruka. Mimi miezi 9 nina 31, na ukikaa bila kuruka mkono unasahau, unalipia somo lilelile mara mbili. (Leseni ya rubani wa biashara ni saa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Piga hesabu mwenyewe.) Kipimo cha afya na mitihani havikuwemo kwenye ada niliyotajiwa.

Ukienda, dai bei ya kila saa kwa maandishi, na uliza ndege ziko ngapi zinazoruka leo.