Mto wa Rosa Parks ambao eti haukaliwi

Jamani ngoja niliseme maana limenikaa rohoni. Kuna hawa watu wanauza mapambo ya nyumbani ya kutengeneza kwa mkono, kila kitu ni wanawake wanaharakati tupu, mito, wanasesere, vitambaa vya ukutani, mpaka vile vya kuzuia mlango usijifunge. Mimi nimeshachoka na mito ya maua maua, nikaona haya ndo mambo yangu, nikaoda mto wa Rosa Parks, yule mwanaharakati mweusi wa Marekani, na mwanasesere wa Wangari Maathai, yule mama Mkenya wa kupanda miti.

Mto ulivyofika sura safi kabisa sikatai. Uso umedariziwa, miwani ipo, nywele kazibana vile vile alivyokuwa anazibana, na chini wameweka ile namba 7053 ya picha ya polisi (ambayo wengi wanadhani ni ya siku ile ya basi, hapana, ni ya Februari 1956, walipokamatwa viongozi wa mgomo wa mabasi). Nikauweka kwenye kochi, nikapiga picha, nikatuma kwa ndugu wote.

Sasa nikaukalia. Si nikaukalia tu kama mtu anavyokalia mto! Nikasikia trrr, mshono umefumuka kutoka kwenye kona mpaka kwenye zipu, vipande vya sponji vinamwagika chini. Nikaugeuza nikaukagua. Kitambaa kimeachiwa upindo mwembamba mno, sindano imepita pembeni kabisa, mishono mirefu utadhani ya kushikiza kwa muda tu, na mwisho wa uzi hakuna hata fundo. Ukivuta kidogo unatoka wote.

Nikawaandikia kwa upole kabisa, na picha nikatuma. Jibu limekuja baada ya kukaa kimya weee: "Mpendwa, ule ni mto wa pambo, sio wa kukalia."

Sio wa kukalia!! Mto wa Rosa Parks! Yaani mwanamke ambaye dunia nzima inamjua kwa sababu tarehe 1 Desemba 1955 kule Montgomery aliambiwa na dereva wa basi anyanyuke mzungu akae, akasema sinyanyuki, polisi wakaja wakamchukua, watu weusi wakagoma kupanda mabasi siku 381 wakawa wanatembea kwa miguu, halafu leo mnamtengenezea mto na mimi mnaniambia nisiukalie? Hivi mnasoma mnachoandika kabla ya kutuma? Na kinachoniuma zaidi, huyu mama alikuwa fundi cherehani, kazi yake ilikuwa kurekebisha nguo za wateja kwenye duka kubwa pale pale mjini. Angeuona huu mshono sijui angeanzia wapi.

Nikawajibu kwamba basi waandike kwenye tangazo kwamba haukaliwi. Wakaniambia "wateja wengine hawajalalamika." Ile kauli ndo ilinimaliza kabisa, toka hapo kila nilichokiangalia kwenye ule mto nikawa nakiona kibaya. Nyuma wameandika "Mama aliyechoka miguu". Hakuchoka miguu! Alishasema mwenyewe kwamba hakuwa na uchovu wa mwili kuliko siku nyingine, alichochoka ni kukubali kuonewa, na alikuwa na miaka 42 tu, mnamfanya bibi kizee aliyeshindwa kusimama. Nilikuwa naenda kuwapa nyota moja, na hiyo moja kwa sababu sifuri haiwezekani.

Shida ni Wangari. Huyo mwanasesere sijui katengenezwa na nani ila huyo mtu ana akili. Kilemba cha kitenge kimefungwa kweli kweli, sio cha kugundishwa na gundi, mkononi kashika mche una majani ya kitambaa, kila jani limepindwa pande zote. Halafu nikaangalia kistendi alichosimamia, nilitegemea kibao, kumbe kimesukwa kwa mafunjo na mianzi, hakuna ubao hata kidogo. Nikanyamaza kwanza. Maana Wangari aliacha wosia asizikwe kwenye jeneza la mbao, na alipofariki 2011 jeneza lake likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Sasa labda fundi hakuwa na mbao tu siku hiyo, sijui, lakini mimi naamini alijua. Nimemvuta, nimemwangusha, mtoto kamning'iniza kwa kilemba, hajalegea hata uzi mmoja.

Kwa hiyo nasemaje, msinunue? Nilitaka kusema msinunue. Mito msinunue, hiyo nasimamia. Wanasesere... nunueni, ila yule anayejibu meseji wamtoe pale, akashone mafundo. Nyota mbili. Haya tatu, na ya tatu ni ya fundi wa Wangari, wenye duka wasijichukulie. Na hela yangu ya mto bado naidai.