Injini ya michezo iliyogoma mbele ya wazee wa barza

Sikukusudia kuandika kwa hasira, kwa sababu mwanzo wa safari hii ulikuwa wa furaha. Nilitaka kutengeneza mchezo wa bao la Kiswahili wa kompyuta, na injini niliyoichagua, yaani programu ya kutengenezea michezo, ambayo ni maarufu na hutolewa bure kwa wanaoanza, iliniondolea kazi nyingi nisizoziweza: kuchora picha kwenye kioo, kupokea mguso wa kidole, kutoa sauti ya kete zinapodondoka. Kilichobaki kwangu kilikuwa sheria za bao lenyewe, mashimo 32 na kete 64, nyumba, yaani shimo maalumu, inayoanza na kete 6, kete 22 za akiba kwa kila mchezaji, na hatua mbili za mchezo, namua na mtaji. Kwa hilo naisifu bila kinyongo.

Kinyongo changu ni leseni yake. Injini hiyo, ijapokuwa imo ndani ya kompyuta yangu, kila baada ya muda huuliza kupitia intaneti kwenye seva, yaani kompyuta za wenyewe, kama mimi bado ni mtumiaji halali, na isipopata jibu hukataa kuifungua kazi yangu. Sisi wa Wete, Pemba, umeme wetu hutoka Tanga kwa waya uliopitishwa chini ya bahari mwaka 2010, na unapokatika, mtandao nao mara nyingi hulegea. Ndivyo ilivyotokea jioni niliyowaalika wazee wa barza yetu, mafundi wa bao, waje waone kama mchezo wangu unakula na kutakata (kucheza bila kula) sawasawa. Betri ilikuwa imejaa, wazee wamekaa, na kioo kikaonyesha ujumbe mmoja tu: leseni haijathibitishwa. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani bao hili ni lako au la watu?" Sikuwa na la kumjibu.

Nikawaandikia wenye injini. Jibu lilichelewa, na lilipofika halikuwa na hata salamu. Lilinitaka nifanyie kazi mahali penye mtandao wa uhakika. Yaani niihame Pemba ili nifungue faili nililoliandika kwa mkono wangu! Aliyejibu hakuuliza niko wapi wala natengeneza nini, na kila nikilisoma jibu lile linaniuma upya.

Sasa natumia injini nyingine, Godot, iliyobuniwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina na kufunguliwa kwa umma mwaka 2014 kwa leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha bure. Haitaki akaunti, haidai sehemu ya mapato, inafunguka bila intaneti, na ni nyepesi kiasi kwamba bando la kawaida linatosha kuipakua. Haikosi usumbufu: kuupeleka mchezo kwenye simu za Android kunahitaji vifaa vingine vya kupakua, navyo ni vizito, na masomo ya video niliyoyapata ni machache kuliko ya ile ya kwanza.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema kwamba injini ile ya kwanza ni bora, ila leseni yake ina kasoro. Kadiri ninavyoikumbuka jioni ile, naona kwamba ubora usiofunguka unapohitajiwa haumfai anayeanza. Simshauri mtu yeyote wa visiwani kuitumia, hata kwa bure, mpaka wenyewe waiondoe kufuli hiyo.