LokSound 5 ndani ya treni yangu ya mezani: sauti nzuri, taa zinataka kushushwa

Kichwa changu cha mvuke cha OO, kile kipimo cha Waingereza cha 1:76, kilikuwa kinazunguka meza kimya kimya, gia tu zinakwaruza. Sasa nimekitia dikoda (kifaa kidogo cha kielektroniki kinachopokea amri) ya LokSound 5 kutoka kampuni ya ESU ya Ujerumani, na hapa kwetu Tudor, Mombasa, hata wageni wanavuta kiti.

Kwa asiyeujua mfumo wa DCC, yaani kuendesha treni ndogo kidijitali: umeme uko relini muda wote, na amri zinapita humo humo. Kila dikoda inasikiliza anwani yake (mpya kutoka kiwandani huwa ni 3). Ndiyo maana treni inasimama stesheni na taa haizimiki, na boila inaendelea kuunguruma. Vitufe vya kidhibiti vina namba: F0 ni taa, F1 inaamsha sauti, F2 kwa kawaida ni firimbi.

Kilichoniteka ni pumzi za mvuke. Injini ya silinda mbili hupumua mara nne kila gurudumu la kuendeshea linapozunguka, na hii inafuata. Zikienda kombo, unazirudisha kwa CV57 na CV58 (CV ni mipangilio yenye namba ndani ya dikoda). Kazi ya kukodoa macho kwenye gurudumu huku sikio liko kwenye spika. Baba, mstaafu wa reli, alisikiliza akatikisa kichwa: "Mwanangu, hii ya Ulaya. Garratt zetu zilikuwa na injini mbili kwa boila moja. Pumzi zinakwenda pamoja, zinaachana, zinakutana tena." Ni kweli, zile Garratt za daraja la 59 za reli ya Afrika Mashariki zilikuwa na seti mbili za silinda. Nilimwambia basi ajifanye yuko London. Hakucheka.

Lakini kabla hujaisifu wala kuitukana dikoda, tazama spika. Ikiwa wazi inalia kama nzi ndani ya kopo. Ifunge kwenye kisanduku chake, pasipenye hewa, uiweke ndani ya tenda (kile kibehewa cha makaa na maji nyuma ya kichwa), utasikia besi inatoka. Mimi ni afadhali ninunue dikoda ya bei rahisi kuliko kubana pesa ya spika. Na usiiachie sauti ilivyokuja: CV63, ya kiwango cha sauti, inafika 192, na inatoka kiwandani ikiwa juu sana kwa chumba cha kawaida. Yangu nimeishusha mpaka chini ya nusu, bodi ya plastiki ikaacha kutetemeka.

Taa ni hadithi nyingine. Mwanga wa tanuri unaochezacheza ni mtamu: LED moja ya rangi ya chungwa chini ya sakafu ya dereva, rezista yake, basi. Taa za mbele ndizo zinazoharibu. Treni za mvuke za Uingereza zilibeba taa za mafuta, hafifu, za manjano. Ukitia LED nyeupe kwa nguvu zote umeua kila kitu. Chagua ya manjano, kisha punguza mwanga kwenye dikoda yenyewe.

Kwa sisi wa pwani kuna la ziada. Hewa ya chumvi inachafua reli upesi, mguso ukikatika sauti nayo inakatika na kuanza upya, inaudhi. Agiza PowerPack hapo hapo, ile kapasita ya kushikilia umeme kwa muda mfupi, na upanguse reli kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuwasha. Kwenye tenda ndogo kuna mvutano wa nafasi kati ya PowerPack na spika, kwa hiyo pima kwanza ndipo ulipe.