Saa za kifahari za zamani: usinunue iliyonyolewa

Saa yangu ya kwanza ya kuhifadhi ilikuwa Omega Constellation ya miaka ya 1960. Niliinunua kwa muuzaji mmoja Deira, Dubai, ikiwa inang'aa kama sahani ya kabatini. Nilipofika Dar nikaipeleka kwa fundi saa, mzee wa Kariakoo, aikague mashine. Hata hakuifungua. Aliigeuza, akapitisha ukucha mgongoni, akaniambia, "Mwanangu, hii saa imenyolewa."

Mgongoni mwa Constellation kuna nishani ya dhahabu yenye jengo la wataalamu wa nyota, na juu ya kuba lake nyota nane. Kwenye yangu, kuba lilikuwa limelika kama sabuni ya bafuni, na nyota nilizoweza kuziona ni tano. Mashine nzima, akrabu za asili, uso haujaguswa. Kilichopotea ni umbo, na umbo ndilo nililolipia.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Basi tieni maji.

Karati, boksi, karatasi, mashine namba ngapi, hayo muuzaji atakuambia kabla hujamuuliza. Asichokuambia ni polishi. Watu wanadhani polishi inafuta mkwaruzo. Haifuti: inakula chuma chote kilicho kando ya mkwaruzo mpaka kilingane na kina chake. Saa ikipitia hivyo mara tatu nne ndani ya miaka sitini, kesi, yaani lile ganda la chuma la saa, inakonda, kona zinakuwa duara, na kitu alichokichora mtu kwa rula na makini yake yote kinabaki kama kokoto la ufukweni. Akrabu hubadilishwa, kioo hubadilishwa, mkanda ndiyo usiseme. Ila kesi ikishaliwa imeliwa.

Kwa hiyo nimezipanga hivi, na kila saa nakuonyesha pa kuangalia.

Ya kwanza ni ileile Omega Constellation, ya kuanzia 1952 ilipotoka mpaka mwisho wa miaka ya 1960. Imenitoa machozi na bado naiweka mbele, na sifichi kwamba Omega ndiyo chapa ya moyo wangu. Tafuta yenye uso uliopinda kama sahani iliyofunikwa kifudifudi: ukingo wake una mikato kumi na miwili, na ukiugeuza mkono taratibu dirishani, mwanga unahama kutoka mkato hadi mkato. Ndani, mashine ya automatiki ina rangi ya shaba nyekundu na imepimwa usahihi rasmi. Na bei yake, ukilinganisha na hizo nyingine za Uswisi hapa chini, bado mtu wa mshahara anaweza kuiwekea akiba. Hesabu nyota, ziwe nane. Halafu tazama zile pembe nne zinazoshika mkanda: mstari wa ukingo uwe mkali, usiwe umelala. Kama ni ile ya chuma kilichofunikwa dhahabu, angalia ncha za pembe, maana hapo ndipo weupe wa chuma huanza kuchungulia polishi ikizidi.

Ya pili, Jaeger-LeCoultre Reverso. Ilizaliwa 1931 kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliokuwa wakicheza polo India na kurudi na vioo vilivyopasuka. Jibu likawa kesi inayoteleza na kugeuka, kioo kikajificha upande wa ndani. Juu na chini ya uso kuna mistari mitatu iliyochongwa. Pitisha ukucha: ukikwama mara tatu, endelea na mazungumzo. Ukiteleza, mrudishie.

Ya tatu, Cartier Tank, aliyoibuni Louis Cartier mwaka 1917 akifuata umbo la vifaru vya Renault. Kwa mkono mwembamba sijaona saa inayoishinda. Zile za toleo la Must, zilizoanza 1977, si dhahabu tupu, ni fedha iliyofunikwa dhahabu, na polishi moja ya hovyo inatosha kuitoa fedha nje kwenye kona.

Grand Seiko ya 1967, ile 44GS, ingeshika nafasi ya pili kama zingepatikana ambazo hazijaguswa. Mbunifu Taro Tanaka aliijenga kesi yake kwa bapa zinazoakisi kama kioo na kona kali kama za almasi. Fundi wa kawaida na gurudumu lake la kitambaa anaimaliza kwa dakika chache.

Rolex Datejust ya zamani, aina iliyoanza 1945, nzuri, haina ubishi. Kwa zile zenye tundu la mkanda lililotoboka mpaka nje ya pembe, tazama tundu lenyewe: likiwa limekaribia mno ukingo, chuma kimeshaliwa. Wenye ndugu Muscat watakuwa wamesikia za khanjar, zenye nembo ya jambia la Oman usoni, zilizoagizwa enzi za Sultan Qaboos kupitia duka la Asprey, London, zikawa zawadi. Hizo wanunuzi hukodolea macho khanjar peke yake. Khanjar iko chini ya kioo, polishi haiifikii, kesi ndiyo inayotoa siri.

Royal Oak ya Audemars Piguet, kazi ya mbunifu Gérald Genta ya 1972, fremu ya kioo yenye kona nane na skrubu nane, naiheshimu sana. Ilitoka ikiuzwa faranga 3,300 za Uswisi, saa ya chuma, watu wakashangaa. Leo waulize madalali wanataka ngapi, halafu uzuri wake wote uko kwenye mikato myembamba inayong'aa kando ya mistari ya msasa, na hiyo ndiyo huliwa kwanza.

Kama mfuko haujajaa, Seiko 5. Kimbia zenye uso uliopakwa rangi upya.

Na nyie wauzaji, "bei njoo inbox" mtaiacha lini? Nimekuja inbox, nimetajiwa bei, baada ya wiki rafiki yangu kaulizia saa ileile katajiwa bei nyingine kwa sababu picha yake ya wasifu yuko kwenye gari zuri. Nikiomba picha ya mgongoni, natumiwa tena ya mbele. Mbaya kuliko yote, saa inatoka kabatini kwa babu wa watu na mikwaruzo yake halali, mnaikimbiza kwa sonara ipigwe polishi "ivutie wateja", kisha mnaongeza bei. Mnaongeza bei kwa kuiharibu! Ileteni na mikwaruzo yake. Mimi nitaichukua hivyohivyo, kwa bei hiyohiyo mliyotaka kuongeza, mradi nyota ziwe nane.